Kozi ya pikipiki za magurudumu matatu: inachokifundisha vizuri na inachokiacha njiani

Anayemtoa mkufunzi jasho asubuhi ya kwanza ya kozi hii kwa kawaida si mgeni wa pikipiki. Ni yule mwenye miaka kumi au ishirini barabarani, koti limepauka kwa jua, mikono inajua kazi yake. Mgeni huambiwa geuza usukani upande unaotaka kwenda, anageuza, anakwenda. Mzoefu hufika kwenye kona ya kwanza ya kulia, mkono wake wa kulia ukasukuma mbele wenyewe kama unavyofanya kila siku, chombo kikaelekea kushoto, nje ya koni. Naye huzidi kusukuma, maana mwili unamwambia hajasukuma vya kutosha.

Pikipiki ya magurudumu mawili haikati kona mpaka ilale. Ikishapata mwendo, ukisukuma mkono wa kulia, gurudumu la mbele linaelekea kushoto kidogo, pikipiki inaangukia kulia, inalala na kukata kona ya kulia. Wengi hufanya hivyo maisha yao yote bila kujua kwamba wanafanya. Traiki, yaani chombo cha magurudumu matatu, ya kawaida hailali, kwa hiyo hakuna cha kuangukia. Usukani ukielekea kushoto, chombo kinakwenda kushoto, na habari imeishia hapo.

Kozi hii basi tuipime kwa swali moja: je, inamtoa mtu mazoea ya magurudumu mawili na kumpa mapya yatakayomjia hata akishtuka? Kwa mwendo mdogo, ndiyo, tena vizuri kuliko mtu atakavyojifunza mwenyewe kwenye uwanja mtupu. Kwa mwendo wa barabara kuu, inamfikisha nusu ya njia na kumwachia usukani.

Ilivyopangwa

Mfano unaojulikana zaidi ni mtaala wa msingi wa magurudumu matatu wa Motorcycle Safety Foundation (MSF) ya Marekani, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1973. Umbo la kozi za namna hii ni lile lile: nadharia kwanza, uwanja baadaye, kisha mtihani wa maandishi na wa vitendo. Hesabu siku mbili. Nadharia siku hizi mara nyingi husomwa kwenye intaneti kabla ya kufika, jambo jema kwa sababu saa za uwanjani ndizo zenye thamani. Uwanja wenyewe ni lami tambarare, isiyo na mchanga wala madimbwi, yenye mistari na koni, na mwendo mara chache hupita kilomita 30 au 40 kwa saa.

Mavazi hayana mjadala: helmeti iliyothibitishwa, kinga ya macho, glavu zinazofunika vidole vyote, mikono mirefu, suruali ngumu na buti zinazopita kifundo cha mguu. Ukija na raba fupi utarudishwa, na hili la buti lina sababu ya pekee kwenye traiki. Tutaifikia.

Kwanza ujue chombo chako kiko kundi gani, maana vyote vinaitwa magurudumu matatu lakini tabia ni tofauti. Kuna delta, gurudumu moja mbele na mawili nyuma: Harley-Davidson Tri Glide iliyoingia sokoni kwa modeli ya 2009 ni mfano, pikipiki kubwa zilizobadilishwa kwa kufungwa ekseli ya nyuma ni mfano mwingine, na kwa mpangilio wa magurudumu bajaji nayo imo humo. Kuna zilizogeuzwa, mawili mbele na moja nyuma, kama Can-Am Spyder iliyotoka 2007 na mdogo wake Ryker. Kuna pikipiki yenye kigari cha pembeni. Na kuna zile za mawili mbele zinazolala kwenye kona, kama Piaggio MP3 ya 2006 na Yamaha Niken ya 2018.

Hizo za mwisho zinakata kona kama pikipiki ya kawaida, kwa kusukuma mkono wa ndani. Mwenye MP3 akija kwenye kozi hii atafundishwa kinyume cha anachohitaji. Aende kozi ya magurudumu mawili. Ni ajabu jinsi fomu za kujiandikisha zinavyokaa kimya juu ya jambo hili.

Kigoda cha miguu mitatu

Sehemu ya darasani iliyo bora ni ile ya uthabiti wa chombo, na mkufunzi anayeijua kazi yake hahitaji zaidi ya chaki. Chora pembetatu kwa kuunganisha sehemu ambazo matairi matatu yanagusa ardhi. Uzito wote, wako na wa chombo, unapaswa kubaki ndani ya pembetatu hiyo. Chombo kinapokata kona, uzito unasukumwa upande wa nje. Unapofunga breki, unakimbilia mbele. Unapovuta mafuta, unarudi nyuma. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki hata sakafu ikiwa mbaya, lakini kaa pembeni katikati ya miguu miwili uone kinavyokubinua.

Delta ina ncha nyembamba ya pembetatu mbele. Funga breki ukiwa ndani ya kona: uzito unakwenda mbele na nje kwa wakati mmoja, yaani unaelekea pale pembetatu inapokuwa nyembamba, na gurudumu la nyuma la ndani linanyanyuka. Aina ya mawili mbele ni kinyume. Breki ndani ya kona inailemea sehemu pana, kwa hiyo inavumilia zaidi, ila ukivuta mafuta kwa pupa ungali umegeuza usukani, uzito unarudi kwenye gurudumu moja la nyuma na gurudumu la mbele la ndani linakuwa jepesi. Ndiyo maana ushauri wa rafiki mwenye Spyder unaweza kukuumiza wewe mwenye delta, na yeye hajakudanganya.

Kigari cha pembeni kina vituko vyake. Kikifungwa upande wa kulia, kona ya kulia inakinyanyua hasa kikiwa kitupu, na kona ya kushoto ikizidi inakandamiza pua ya kigari na kulifanya gurudumu la nyuma la pikipiki kuwa jepesi. Ukivuta mafuta, chombo kinajivuta upande wa kigari, kwa sababu pikipiki inasukuma na kigari kinakokotwa. Ukifunga breki za pikipiki pekee, kinajivuta upande wa pili, kwa sababu pikipiki imezuiwa na kigari bado kinataka kwenda. Kozi nyingi za msingi zinaligusa hili kwa dakika chache tu. Mwenye kigari atafute mkufunzi wa kigari.

Darasa pia hueleza njia tatu za matairi, ambazo wengi hawazifikirii mpaka waingie shimoni. Pikipiki ina mstari mmoja ardhini, na gari lina miwili, kwa hiyo dereva wa gari anaweza kuliweka shimo dogo katikati ya matairi akapita. Traiki ina mitatu: kushoto, katikati, kulia. Hakuna katikati ya kupitishia kitu. Mbaya zaidi, katikati ya leni ndiko magari yanakodondoshea oili, hasa karibu na makutano na vizuizi ambako yanasimama. Kwenye aina ya mawili mbele, gurudumu la katikati ndilo linalosukuma chombo, kwa hiyo ukivuta mafuta pale taa zikiruhusu litazunguka na mkia utatambaa pembeni. Kwenye delta, la katikati ndilo linaloongoza, kwa hiyo ukigeuza usukani pale pale chombo kinaendelea mbele kana kwamba hujageuza. Dawa ni kusogea kando kidogo ndani ya leni kabla ya kusimama. Upana wa chombo hauachi nafasi kubwa, ila sentimita 20 au 30 mara nyingi zinatosha kuliondoa gurudumu la katikati kwenye ule utepe mweusi.

Uwanjani, koni kwa koni

Somo la kwanza ni miguu. Mwendesha pikipiki hushusha mguu kila anaposimama, na hushusha kabla hajasimama kabisa. Kwenye delta, tairi la nyuma liko moja kwa moja nyuma ya kisigino. Ukishusha mguu chombo kikiwa bado kinatambaa, tairi linashika kisigino, linaukokota mguu chini na nyuma, na uzito wa chombo unapanda juu yake. Hapo ndipo buti inapojieleza. Wakufunzi wazuri hulirudia hili mpaka linachosha: miguu kwenye futresti tangu kuondoka hadi chombo kimesimama na breki ya kuegeshea imefungwa. Anayekalia traiki kwa mara ya kwanza akajaribu kuweka miguu chini aone kama anafika, tayari amepata kosa la kwanza la siku.

Breki ya kuegeshea ni somo la pili, na ndiyo inayosahaulika. Pikipiki husimamishwa kwa stendi yake, traiki inasimama yenyewe na kukupa utulivu wa uongo. Iko nyutro, sakafu ina mteremko ambao jicho halioni, umeshashuka unavua glavu, nayo inaanza safari. Mpangilio uwe ule ule kila mara: simama, funga breki ya kuegeshea, ingiza gia kama ni ya gia za mguu, zima, ndipo ushuke.

Ukaguzi kabla ya kuwasha hufuata mfuatano: matairi na rimu, vidhibiti, taa, oili na vimiminika vingine, fremu na shokapu, kisha vya kuegeshea. Kwenye matairi, ongeza umakini juu ya upepo. Matairi ya mbele ya Spyder, kwa mfano, hujazwa chini ya psi 20, na la nyuma karibu psi 28. Fundi aliyezoea pikipiki atakujazia 32 au 36 mbele kwa nia njema kabisa, na chombo kitaanza kurukaruka na kuyumba kwenye lami ya kawaida, mwenyewe akidhani usukani una kasoro. Delta zilizobadilishwa huwa na matairi ya aina ya gari nyuma, nayo yana kiwango chake. Soma kibandiko cha chombo. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe.

Halafu vidhibiti. Spyder haina breki ya mkono wa kulia: pedali moja ya mguu inafunga magurudumu yote matatu. Mzoefu wa pikipiki akishtuka, vidole vinne vya mkono wa kulia vinanyooka kutafuta leva, vinakuta hewa, vinafumba tena juu ya mshiko, na mara nyingine vinavuta mafuta vikiwa njiani. Kosa hili halitoki kwa maelezo. Linatoka kwa kusimama mara 30 au 40 kwa mguu, kutoka mwendo mdogo, mpaka mguu utangulie mkono. Kozi inayotoa nusu saa tu kwa kusimama ina haraka isiyo na maana. Ryker nayo ina gia otomatiki za mkanda na rivasi inayoingizwa kwa mguu wa kushoto, jambo linalomchanganya anayetegemea kukuta leva ya gia pale.

Kukata kona ndiko kunakochukua saa nyingi, na ndiko kozi inakostahili sifa. Maagizo ni manne: punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, tazama unakokwenda, egemea ndani, vuta mafuta taratibu. Hilo la kuegemea si pambo. Chombo hakilali, kwa hiyo nguvu inayokutupa nje inakufikia wewe mwenyewe kiunoni na mabegani. Ukikaa wima utajikuta unauning'inia usukani ili usianguke, na usukani unaoning'iniwa hauongoziki. Kwa hiyo makalio yanasogea kidogo upande wa ndani, bega la ndani linashuka na kwenda mbele, goti la nje linabana tangi au kiti, na futresti ya nje inakanyagwa. Mikono ikiwa huru namna hiyo, mkono wa nje unasukuma na wa ndani unavuta. Mikono miwili, kazi moja.

Tazama kifundo cha mkono wa kulia kwenye kona ya kulia iliyobana. Usukani unakuja tumboni, kiwiko kinakosa pa kwenda, kinashuka, kifundo kinapinda, na mafuta yanaongezeka bila mtu kuamua. Chombo kinaruka mbele katikati ya kona, mwanafunzi anashtuka na kukanyaga breki, na kwenye delta hilo ndilo kosa lile lile tulilolichora kwa chaki. Tiba ni ya dakika moja: inua kiwiko, shika mshiko kama unayeshika kitasa cha duara cha mlango, kifundo kikiwa kimenyooka. Mkufunzi asiyeliona hili atakuambia "punguza mwendo" siku nzima, na tatizo litabaki pale pale.

Kwenye kona ya kushoto shida ni urefu wa mkono. Usukani ukigeuzwa mpaka mwisho, mshiko wa kulia unakwenda mbali na mtu mfupi analazimika kujinyoosha mpaka bega linatoka kwenye mgongo. Mwambie mkufunzi kabla ya kuanza. Ryker inarekebishwa usukani na futresti bila spana. Nyingine zinahitaji fundi, na nyingine zinahitaji uchague chombo kingine.

Koni zinazokufa nyingi zaidi hufa chini ya tairi la nyuma la ndani. Mwenye delta analiona gurudumu moja jembamba mbele, linapita salama kando ya koni, naye anafurahi. Ekseli ya nyuma ni pana kuliko alivyokumbuka, na kwenye kona gurudumu la nyuma la ndani hupita ndani zaidi ya njia ya la mbele. Koni inaingia chini, inaburutwa, na sauti yake ya plastiki inasikika uwanja mzima. Mtaani, koni hiyo ni ukingo wa barabara au mguu wa mtu aliyesimama pembeni. Chora njia ya gurudumu la mbele pana zaidi kuliko unavyoona inafaa. Aina ya mawili mbele haina udhaifu huu, maana sehemu pana iko mbele ya macho.

Kuna zoezi la namba nane na kugeuza U, na humo usukani mzito unajionyesha. Delta zilizobadilishwa bila kurekebishwa pembe ya foku za mbele hudai nguvu nyingi mabegani, na saa ya tatu wanafunzi wanaanza kukata kona kwa uvivu. Urekebishaji wa pembe hiyo hupunguza uzito wa usukani sana, lakini ukifanywa vibaya unaongeza mtikisiko wa usukani kwenye mwendo mdogo. Mtikisiko huo, kwa kiasi chake, ni wa kawaida kwa delta nyingi kati ya kuondoka na kilomita kama 30 kwa saa. Anayeubana kwa nguvu anauzidisha. Shika kwa upole, uache upite. Ukiendelea mwendo ukiongezeka, acha kuendesha, kagua upepo wa tairi la mbele, beringi za shingo ya usukani na kifaa cha kuzuia mtikisiko kama kipo.

Kukwepa kizuizi ghafla ndilo zoezi linalowaanika wenye uzoefu. Saa tano za mazoezi zimepita, wanakata kona vizuri, wanatabasamu. Mkufunzi anainua mkono kuonyesha kulia zikiwa zimebaki mita chache, na mazoea ya miaka ishirini yanarudi kwa mara moja: mkono wa kulia mbele. Zoezi hili lirudiwe hata baada ya kufaulu. Na breki zisiguswe wakati wa kukwepa. Kwepa, nyoosha, ndipo ufunge. Au funga, halafu ukwepe.

Mbinu ya barabarani inayofundishwa na MSF ina hatua tatu ambazo kwa Kiswahili zinakaa vizuri mdomoni: tafuta, tathmini, tekeleza. Umbali wa kumfuata aliye mbele usipungue sekunde 2, na kwa traiki nzito yenye abiria tungeweka 3 au 4.

Inapopwaya

Udhaifu mkubwa ni mwendo. Nguvu ya kando kwenye kona inakua kwa mraba wa kasi. Kona ya nusu kipenyo cha mita 15, ukiipita kwa kilomita 20 kwa saa, inakusukuma nje kwa takriban moja ya tano ya uzito wako. Kona hiyo hiyo kwa 40 inakusukuma kwa zaidi ya nne ya tano. Hapo gurudumu la ndani limeshanyanyuka au matairi yameshateleza. Mwanafunzi aliyefaulu kwa 25 hajaonja hata mwanzo wa hali hiyo, na cheti chake hakisemi hivyo. Breki nazo ni vivyo hivyo: kwenye lami kavu, kutoka 30 chombo kizuri husimama ndani ya mita 5 hivi tangu breki zishike, kutoka 60 ni karibu mita 20, na sekunde moja ya kushtuka inaongeza mita 8 kwa ile ya kwanza na karibu 17 kwa ya pili. Namba hizi zingepaswa kuandikwa ubaoni kila asubuhi.

Udhaifu wa pili ni elektroniki. Spyder ina mfumo wa kulinda uthabiti ambao ukihisi gurudumu linakuwa jepesi unapunguza nguvu ya injini na kufunga breki ya gurudumu linalohitajika. Mwanafunzi anasikia injini inakatika ndani ya kona, anamwita mkufunzi kwamba chombo ni kibovu. Si kibovu, kimemwokoa. Mkufunzi anayepita bila kumweleza kwamba huo ni mstari mwekundu alioukanyaga amempokonya somo la thamani kuliko yote ya siku hiyo. Na mtu huyu akifaulu kwa chombo hicho kisha akanunua delta ya zamani isiyo na mfumo wowote, amejifunza kwa chombo kinachomsamehe, akaenda kuendesha kisichosamehe.

Abiria na mzigo hawafanyiwi mazoezi kabisa, jambo ambalo kwa vyombo vinavyonunuliwa hasa ili kubeba mwenzi na masanduku ni pengo la kushangaza. Abiria anapandisha juu kitovu cha uzito kwenye aina zote. Kwenye mawili mbele anaongeza uzito kwenye gurudumu moja la nyuma, kwa hiyo mbele kunakuwa kwepesi na kona zinahitaji mwendo mdogo zaidi. Kwenye delta anaikalia ekseli pana, nafuu kwa kubinuka, ila usukani unakuwa mwepesi na gurudumu la mbele linashika kidogo. Mwambie abiria akae kimya katikati au aegemee ndani pamoja nawe, asijivute upande wa nje kwa hofu.

Mvua na changarawe zimeachwa kwa maelezo ya mdomo. Kwenye maji, matairi mapana yenye uzito mdogo juu yake huelea mapema kuliko tairi jembamba la pikipiki, na matairi mapana ya mbele ya traiki ndiyo hayo. Dakika kumi kwenye kipande cha uwanja kilichomwagiwa maji zingetosha kuonyesha.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Uliza chombo utakachofundishiwa. Kama una delta nao wana Ryker pekee, na wanakubali uje na chako, njoo na chako, kikiwa na bima na ukaguzi. Uliza mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi uwanjani. Zaidi ya 6 ujue utatumia siku ukingoja foleni kwenye koni. Uliza kama mkufunzi mwenyewe anaendesha traiki. Aliyesomea mawili akaongezewa karatasi ya matatu anafundisha koni vizuri, ila hataziona zile dalili za kiwiko na bega.

Cheti nacho kichunguzwe kwa mamlaka ya leseni ya unakoishi, maana sheria haziko sawa. Kuna mahali cheti kinaondoa mtihani wa vitendo, na kuna mahali leseni inayotokana nacho inakufunga kwenye magurudumu matatu tu, huruhusiwi kugusa mawili. Jimbo la California linakubali leseni ya kawaida ya gari kwa chombo cha magurudumu matatu kisicho na kigari cha pembeni. Jimbo la Washington linadai idhini ya pekee ya magurudumu matatu. Katika Umoja wa Ulaya, magurudumu mawili ya ekseli moja yenye umbali wa chini ya milimita 460 kati yake huhesabiwa kama gurudumu moja, kwa hiyo chombo chako cha matatu kinaweza kuwa pikipiki ya kawaida mbele ya sheria.

Baada ya kozi, usitoke na barabara kuu siku hiyo hiyo. Tafuta uwanja mtupu, koni 4 na chaki. Kugeuza U anza kwa upana wa mita 10, upunguze nusu mita kila ukipita mara tano kwa kila upande bila kukanyaga mstari, mpaka chombo kikatae. Kusimama: kutoka 30, kisha 40, kisha 50 ikiwa uwanja ni mrefu, usukani umenyooka, ukiweka alama ya chaki pale tairi la mbele liliposimama ili uone kama unaboresha. Kukwepa: mtu mwingine akuonyeshe upande kwa mkono dakika ya mwisho, usijipangie mwenyewe, maana ukijua upande mapema unafanya mazoezi ya kitu kingine. Mabega yakianza kuuma, simama. Kona inayokatwa kwa mikono iliyochoka ni ile ambayo mazoea ya zamani hupenda kurudi nayo.